Fundi Hodi na Nati za Kushoto

Shemeji yangu hubisha hodi kabla ya kufungua nati. Sitanii. Huchukua nyundo yake ndogo, ile yenye mpini uliopasuka na kufungwa mpira, akaigonga nati pembeni taratibu, akainamisha kichwa kusikiliza, kisha akasema kwa sauti ya mtu aliyesimama mlangoni kwa watu: "Hodi." Ndiyo maana mtaa mzima unamwita Fundi Hodi, na jina alilopewa na wazazi wake limebaki kwa dada yangu, ambaye hulitumia akikasirika.

Mimi ni mdogo wa mke wake. Nashona viti vya magari katika chumba kilichopakana na gereji yake, na katikati yetu kuna dirisha lisilo na kioo. Kupitia dirisha hilo yeye hunipitishia viti na mimi humpitishia maneno. Utani kwa shemeji ni haki yangu na sijawahi kuiacha ilale. Akisema "Hodi" na nati ikagoma, humjibu kutoka kwenye cherehani: "Wenyewe hawapo!" Ikifunguka, husema: "Karibu ndani, shemeji." Wateja wageni hudhani tuna wazimu kidogo, na hatujawahi kukanusha.

Kazi aliyojulikana nayo ni zile nati ambazo wengine wamezikatia tamaa. Mafundi wengi wakiona nati imeshikwa na kutu hukimbilia grenda, ile mashine ya kukatia chuma, au huchomeka bomba kwenye spana na kuvuta mpaka kitu kikatike, na kinachokatika mara nyingi ni studi, ule msumari mnene wenye nyuzi ambao nati hujifunga juu yake. Yeye husugua kwa brashi ya waya, hutia oili nyepesi, huenda zake kunywa chai. Hurudi, hugonga, hutia tena. Ikikataa huipasha moto, nati peke yake, kwa sababu ikipata joto hutanuka kidogo na kuachia. Na kabla ya kuifungua huanza kwa kuikaza, kidogo tu, ili kutu ishtuke.

"Ukiivuta ghafla inang'ang'ania," alinieleza zamani. "Isukume kwanza kama unairudisha ilikotoka, halafu ndiyo uiite."

Nikamwambia huo ndio ujanja aliomwoa nao dada yangu. Hakukataa, alitabasamu tu akaendelea kusugua.

Taratibu zake zilikuwa zikinichosha, sifichi. Mimi ni mtu wa mkasi: kata, shona, mpe mwenyewe kiti chake aende. Lakini sijawahi kumwona akivunja studi ya mtu.

Kiharusi kilimpata asubuhi akifunga kamba za viatu. Tulimkimbiza hospitali, na Mungu akasaidia, akarudi nyumbani akitembea. Mguu ulirudi. Ulimi ulirudi, ingawa hata kabla ya hapo haukuwa na kazi nyingi. Mkono wa kulia ndio uliobaki nyuma. Vidole vilifunga vikipenda, vikaachia vikipenda, na yeye hana habari.

Dada yangu hufua mashuka ya wagonjwa hospitalini na hajui kumwogopa mtu. Kila asubuhi kabla ya kwenda kazini alimkabidhi kipande cha sponji nilichokata kwenye mabaki ya viti vyangu, akasimama mbele yake na kusema: "Minya." Shemeji akaminya. "Tena." Akaminya tena. Sponji zikachakaa nikakata nyingine. Lakini vikombe viliendelea kumponyoka. Vya udongo vilikwisha, tukahamia vya plastiki, na siku kikombe cha plastiki kilipodunda sakafuni na kumwagia chai mgeni miguuni, shemeji aliacha kabisa kuutumia mkono ule mbele ya watu.

Tangu hapo alipokea kwa kushoto na kutoa kwa kushoto, na kila mara alisema: "Niwie radhi kwa mkono huu." Aliniambia hivyo hata mimi, niliyeishi naye miaka yote hiyo. Siku moja uzalendo ukanishinda.

"Shemeji, ukiniomba radhi tena nakurushia mkasi!"

Hakucheka. Alisema "Niwie radhi" kwa mara nyingine, na hapo ndipo nilipoogopa kweli.

Gereji ikawa kimya. Wateja walipita, wakauliza hali, wakaenda kwingine. Jirani yetu muuza milango, mtu mpole ambaye mali yake ilikuwa imejaa mpaka kizingitini, aliuliza kwa adabu zote kama uwanja ule ungeweza kukodishwa aegemeze milango yake. Shemeji akamwambia atafikiri. Mimi niliyashona yale maneno kwenye kiti cha mteja kwa hasira, na mshono ukaenda upande.

Basi katika hali hiyo ndipo mwalimu mstaafu alipoleta gari, likivutwa kwa kamba. Lilikuwa gari la kale, rangi ya maziwa, taa za mviringo, usukani mwembamba mpana ajabu. Lilikuwa la marehemu kaka yake na lilikaa bandani tangu msiba. Mwalimu alitaka kuliendesha. Viti vilikuwa kazi yangu. Breki zilikuwa kazi ya shemeji, na ili azifikie breki lazima magurudumu yatoke, na nati za magurudumu zilikuwa zimeganda kwa kutu. Gereji mbili zilivuta kidogo, zikataka kuzikata kwa grenda.

"Studi za gari hili hazipatikani tena popote," mwalimu alisema. "Ukivunja, limekufa. Mimi sina haraka, fundi. Ila usinivunjie."

Nilijua shemeji atakataa. Akalizunguka gari, akachuchumaa kwa shida, akapapasa nati moja kwa kidole cha kushoto, akasema: "Liache."

Jioni, tukiwa tumekaa ukumbini, alimwambia dada yangu bila kupandisha sauti: "Nikiyatoa magurudumu haya, nabaki fundi. Nikishindwa, muuza milango achukue uwanja."

"Na wewe uende wapi?"

"Nikae."

Dada alikuwa anakunja nguo. Aliendelea kukunja, lakini shati lilikuwa lile lile moja, alilikunja, akalikunjua, akalikunja tena.

Alianza na gurudumu la mbele kushoto. Mimi nilikuwa dirishani, nikajifanya natafuta uzi. Nikamwona anatega spana na kuvuta upande nisioutarajia.

"Shemeji, hapo si unakaza?"

Akageuka, na kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu uso wake ulichangamka. "Magari ya kale kama hili yana mambo yake. Upande wa kulia nati hufunguka kama unavyojua. Upande wa kushoto hufunguka kinyume. Waliolitengeneza waliogopa gurudumu likizunguka litazilegeza njiani. Wale wenzangu wa gereji nadhani hawakujua."

Nilifurahi kumsikia akifundisha. Hata nilimwachia neno la mwisho, jambo ambalo silifanyi kwa wepesi.

Siku zikaenda. Alisugua, alitia oili, alikunywa chai, alirudi. Alipasha moto. Alianza kwa kuisukuma kidogo kinyume ili kutu ishtuke, kisha akachomeka bomba fupi kwenye spana na kuvuta kwa uzito wa mwili, mkono wa kushoto ukifanya kazi na wa kulia umewekwa juu yake tu, kama mtu aliyealikwa kwenye picha. Nati ikakaa pale pale. Nilisubiri asikike akibisha hodi. Hakubisha. Alikuwa anaigonga, anasikiliza, na midomo inabaki imefungwa.

"Leo ni ngumu kuliko jana," alisema siku moja, zaidi kwa nafsi yake. Siku iliyofuata akasema hivyo hivyo.

Nikamshauri amwite fundi mwenzake mwenye misuli aje amsaidie kuvuta. Akasema hapana. Nikamwambia ana kiburi. Akasema ndiyo. Nikamwambia kiburi hakifungui nati, akasema hata mdomo wangu haufungui, la sivyo tungeshamaliza. Kwa kawaida jibu kama hilo lingenifurahisha siku nzima. Lakini alilisema bila kunitazama, halafu akaongeza: "Si nati, shemeji. Nati nazijua. Ni mkono."

Ijumaa alimwambia muuza milango aje kesho yake na futi yake ya kupimia.

Asubuhi ya Jumamosi nilikuwa nimetandaza ngozi ya kiti cha mbele mezani, chaki ya kushonea mkononi, na sikuweza kuchora hata mstari. Kila nikisikia spana ikilia nje nilichungulia dirishani. Dada alikuwa kazini. Kabla ya kuondoka alimpa sponji kama kawaida na kumwambia "Minya" kama kawaida, kana kwamba hakuna futi yoyote inayokuja. Nilimwonea huruma, nikamwonea na wivu kidogo, kwa sababu mimi sina subira ya namna hiyo.

Nikatoka nje.

"Imesogea?"

"Haijasogea hata unywele."

"Umejuaje?"

"Najua."

Sasa, kwenye kazi yangu mtu hasemi kitambaa kimesogea au hakijasogea kwa kukitazama tu. Unaweka alama. Nikachuchumaa pembeni yake, nikachora mstari mmoja mnyoofu wa chaki, kuanzia juu ya nati mpaka kwenye rimu. Akaniuliza nacheza nini. Nikamwambia avute, mambo ya kucheza atayajua baadaye. Akavuta, kwa hasira yangu na yake pamoja, mpaka mishipa ya shingo ikamtoka.

Mstari ulikuwa umekatika. Kipande cha juu ya nati na kipande cha kwenye rimu havikutazamana tena. Tofauti yake ilikuwa ndogo kuliko upana wa sindano, lakini macho yangu yanaishi kwa tofauti kama hizo.

"Imesogea," nikasema.

"Usinifariji."

"Mimi? Nimekufariji lini mimi? Tazama!"

Akatazama. Akatoa miwani mfukoni, akatazama tena. Akafuta mstari kwa kitambaa, akaniambia nichore mwingine, nikachora. Akavuta. Ukakatika tena, safari hii kwa tofauti ndogo zaidi, na yeye akaachia spana na kukaa chini kabisa, kwenye sakafu yenye mafuta, na suruali safi aliyofuliwa na dada yangu.

"Nati inayofunguka," alisema polepole, "ikishasogea huwa nyepesi. Hii inasogea na inazidi kuwa nzito."

"Maana yake nini?"

Alichukua brashi ya waya akaanza kusugua ncha ya studi, ile inayochungulia katikati ya nati. Ilikuwa na tope la miaka na kutu juu yake. Wakati wote huo alikuwa amesugua nati na shingo ya studi na hakuigusa ncha, kwa sababu alikuwa anajua kilichoko. Magari haya huwa yamegongwa herufi ndogo ya L, yaani kushoto kwa Kiingereza, kwenye ncha za studi za kushoto, kuwaonya mafundi. Akasugua mpaka chuma kikang'aa. Hakukuwa na herufi.

Akajivuta akainuka, akazunguka kwenda gurudumu la kulia ambalo hajaligusa, nikamfuata. Akasugua ncha ya studi. Herufi ilikuwepo, ndogo, safi, kama imegongwa jana.

"Wamebadilisha," alisema. "Kuna mtu alizifungua habu, vile vitovu vinavyoshika gurudumu, akarudisha ya kushoto kulia na ya kulia kushoto, na studi zake. Kila kitu hapa kiko kinyume cha kinyume." Baadaye mwalimu alipoelezwa alicheka mpaka machozi, akasema marehemu kaka yake alipenda kulitengeneza gari mwenyewe siku za mapumziko na hakutaka kusaidiwa na mtu.

Lakini wakati ule hakuna aliyecheka. Nilikuwa nahesabu hasara: siku zote zile, jasho lote lile, na kumbe alikuwa anaifunga. Ule msukumo mdogo wa mwanzo, wa kuishtua kutu, ndio pekee uliokuwa upande sahihi, na kila mara aliuacha akageuka kuvuta kwa nguvu zote kule kusiko. Nikatafuta maneno ya kumpoza. Nilipomtazama usoni nikaona macho yanang'aa.

"Shemeji," alisema, "yaani nimeikaza?"

"Ndiyo, lakini usijilaumu, mtu yeyote angeweza—"

"Nati yenye kutu yote ile. Iliyowashinda gereji mbili kuitikisa. Mimi nimeikaza zaidi?" Akaunyanyua mkono wa kulia, akautazama mbele na nyuma. "Kwa huu?"

Ndipo nilipoelewa. Muda wote alidhani anavuta na mkono haumpi kitu. Kumbe ulikuwa unampa.

"Kwa yote miwili," nikasema, kwa sababu sipendi kutia chumvi. "Ila ndiyo. Na huo."

Alicheka, kicheko kifupi, cha pua, ambacho sikuwa nimekisikia tangu kabla ya zile kamba za viatu.

Kuelewa hakukufungua nati. Nati aliyoikaza mwenyewe siku zote hizo ilikuwa sasa ngumu maradufu, na studi ni ile ile isiyo na mbadala. Akaanza upya, kwa utaratibu wake ule unaonichosha. Oili. Chai. Tulikunywa wote wawili tumekaa kwenye kiti cha nyuma cha gari la mwalimu, nilichokuwa nimekitoa nje kukishona, na sikumhimiza hata mara moja. Moto kidogo, kwenye nati tu. Oili tena, ikafuka moshi mwembamba na kunyonywa ndani. Muuza milango akafika na futi yake, akaona sura zetu, akasimama kando bila kuuliza.

Shemeji akachukua nyundo ndogo. Akaigonga nati pembeni, akageuza, akagonga upande mwingine, akainamisha kichwa.

"Hodi," akasema.

Nikachora mstari wa chaki, nikarudi nyuma.

Akatega spana. Akaisukuma kidogo upande wa kukaza. Kisha akaigeuza, mkono wa kushoto kwenye bomba, wa kulia juu yake, na safari hii niliona vidole vya kulia vimefumba kweli, vimekuwa vyeupe kwenye viungo. Akavuta. Akavuta zaidi. Kikasikika kishindo kikavu, na studi ikivunjika hulia hivyo hivyo.

Hakuna aliyesogea. Shemeji alivuta tena polepole, na spana ikamfuata. Ikaendelea kumfuata. Nati ilikuwa inalia kama mlango usiotiwa mafuta, na ilikuwa inakuja.

"Karibu," nikasema. "Karibu ndani, shemeji."

Muuza milango alipiga makofi, halafu akakumbuka kilichomleta, akaitazama futi yake kwa aibu. "Sasa fundi, mimi nipime, nisipime?"

"Pima," alisema shemeji. "Pima pale mbele. Gereji inataka mlango, na wewe unauza."

Nati zilizobaki za gurudumu lile zilichukua mchana wote uliobaki, na moja ilitunyima raha mpaka tukadhani itatuaibisha. Sikurudi kwenye cherehani. Nilikuwa nachora chaki na kutangaza: "Imesogea! Inakuja! Subiri, tulia!" kama mtangazaji wa mpira, mpaka shemeji akaniomba ninyamaze asikie nati. Gurudumu lilipotoka alilibingirisha mwenyewe mpaka ukutani, akiyumba kidogo upande wa kulia, nami nikauma ulimi nisimsaidie.

Dada yangu alirudi kutoka kazini jua likiwa bado lipo. Aliingia uwanjani taratibu, mkoba kifuani, akatafuta kwanza kwa macho alipo muuza milango. Hakumwona. Kisha akaona suruali ya mumewe.

"Hiyo ni suruali niliyoifua juzi?" akasema, na akalitaja lile jina lake la wazazi, lote.

Shemeji hakujitetea. Alikwenda mpaka mbele yake. Akatumbukiza mkono mfukoni, na nikaona ni mkono gani. Akautoa umefumba. Akaunyoosha kwa mke wake, mkono wa kulia, na ulikuwa unatetemeka mpaka kwenye kiwiko, na mimi bila kujijua nilikuwa nimenyoosha viganja vyangu kwa chini, kudaka.

Akafumbua vidole kimoja kimoja. Nati ilikuwa imelala kiganjani, nzito, imesuguliwa inang'aa. Mkono ulitetemeka na nati haikuanguka.

Dada hakuipokea mara moja. Aliuacha mkono ule umsubiri, na mkono ukasubiri.